*MTAA MPYA HAUGAWIWI MEZANI*

*TAARIFA YA KAMATI YA UTENDAJI YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*
_(Isome mpaka mwisho. Ukimaliza, mfikishie mwanachama ambaye hana simu ya intaneti.)_

Ndugu wanachama,



Tangu wiki iliyopita maswali yamekuwa mengi kwenye kundi letu na kwenye vijiwe. Je, ni kweli mtaa wetu umegawanywa? Nani atakuwa mwenyekiti wa upande mpya? Je, ni kweli viongozi wa vyama wameshakaa na kugawana nafasi? Kamati ya Utendaji ya Tawi imekutana, imejadili, na imeamua kusema wazi kabla maneno ya pembeni hayajawa ndiyo taarifa.

*1. JAMBO LENYEWE*

Mgawanyo wa mitaa mikubwa ya jiji letu ulipita njia inayojulikana. Ulianza kwenye mikutano ya wakazi, ukaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ukaenda Baraza la Madiwani, ukapanda ngazi ya wilaya na mkoa, ukafika kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Sisi wa tawi hili tuliunga mkono mgawanyo huo. Mtaa ulikuwa umejaa. Mtu wa bondeni alikuwa anapanda mpaka juu kufuata mhuri, akifika anaambiwa arudi kesho.

Mtaa mpya ukizaliwa, unazaa na viti vipya. Kuna kiti cha mwenyekiti na kuna viti vya wajumbe wa kamati ya mtaa, vikiwemo vya wanawake. Kwa upande mpya viti hivi havijawahi kukaliwa na mtu yeyote. Vitajazwa kwa mara ya kwanza.

Ndipo mjadala ulipoanza. Kwenye vikao vya Baraza zimetajwa njia tatu.

▪️ *Njia ya kwanza:* Mtendaji wa Mtaa ashike kazi zote, za kwake na za mwenyekiti, mpaka uchaguzi wa kawaida wa 2029.

▪️ *Njia ya pili:* vyama vikae, vikubaliane majina, kila chama kipate fungu lake, majina yapelekwe juu kama "viongozi wa makubaliano".

▪️ *Njia ya tatu:* wakazi wa mitaa mipya wapige kura.

Msimamo wa tawi hili ni njia ya tatu. Hatuna njia ya tatu na nusu.

*2. VITI HIVI NI VYA NANI?*

Tuanze na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, kwa sababu wapo wanaoongea kana kwamba viti hivi ni samani za ofisi ya jiji.

Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba serikali itapata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi. Ibara za 145 na 146 zinaweka serikali za mitaa na kueleza kazi yake, ambayo ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Maneno hayo yanasema kupeleka madaraka kwa wananchi. Hayasemi kuyapeleka kwa mtendaji, wala kwa makatibu wa vyama waliokaa hotelini na chupa za maji mezani.

Tunajua Baraza la Madiwani haliandai uchaguzi wa mitaa. Kanuni zinatolewa na Waziri, na kwenye ngazi ya halmashauri msimamizi ni Mkurugenzi. Kwa hiyo wapo watakaotuambia, "Mnapiga kelele bure, Baraza halina mamlaka hayo." Sisi tunauliza, kama Baraza halina mamlaka hayo, linajadili nini? Linajadili kwa sababu azimio lake ndilo litakaloandikwa kwenye barua ya kwenda juu. Likiandika "wakazi wako tayari kusubiri mpaka 2029", huko juu watasoma kwamba sisi ndio tumesema. Likiandika "vyama vimeridhiana", watasoma kwamba na sisi tumeridhia. Hatujasema na hatujaridhia.

*3. USIDHARAU KITI CHA MTAA*

Kuna mwanachama aliandika kwenye kundi: "Mwenyekiti wa mtaa hana hata mshahara, tunagombania nini?" Swali zuri, na linahitaji jibu.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho. Bila barua hiyo humdhamini ndugu yako aliyeshikwa, husogei kwenye foleni ya kitambulisho cha taifa, na kijana wako hakamilishi maombi ya kazi za ulinzi. Kalamu yake inaamua wewe ni mkazi au ni mpita njia.

Mwenyekiti ndiye shahidi wa kwanza kwenye mauziano ya viwanja ambavyo havijapimwa. Mnajua wenyewe migogoro iliyopo bondeni: kiwanja kimoja, wanunuzi wawili, mihuri miwili. Mwenyekiti mwaminifu anazuia kesi ya miaka kumi kwa kuuliza maswali matatu. Asiye mwaminifu anaifungua kesi hiyo kwa elfu ishirini.

Mikutano ya mtaa inaitishwa na kuongozwa na mwenyekiti. Kwenye mkutano huo ndiko mapato na matumizi yanasomwa, majina ya kaya maskini za mpango wa TASAF yanatajwa hadharani, na michango ya ulinzi na usafi inahojiwa. Pasipo mwenyekiti, mkutano hauitishwi. Usipoitishwa, hakuna anayeuliza.

Na iko mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Kikundi chako kinaanza kutambuliwa huku huku mtaani kabla ya kufika kata na jiji. Akina mama wa vikoba na vijana wa bodaboda mnaelewa kutambuliwa na mtu anayewajua kunatofautianaje na kutambuliwa na mtu anayewauliza, "Nyie mmetumwa na nani?"

Hicho ndicho kiti kinachoitwa kidogo. Mbunge unamwona kwenye televisheni. Mwenyekiti wa mtaa unamgongea mlango usiku mwizi akiingia.

*4. HOJA ZA WANAOPINGA UCHAGUZI, NA MAJIBU YETU*

Hatutaki kushinda kwa kelele. Tumeziandika hoja zao jinsi zilivyo.

▪️ *"Uchaguzi ni gharama."*
Ndiyo, una gharama. Karatasi, masanduku, posho za wasimamizi, ulinzi. Lakini huu si uchaguzi wa nchi nzima. Ni mitaa michache ndani ya jiji moja, na vituo vinaweza kuwa shule na ofisi zilizopo. Baraza lilipoomba mitaa igawanywe lilijua kwamba mtaa una mwenyekiti na kamati. Ukipanga harusi huwezi kufika siku yenyewe ukasema wali haukuwa kwenye bajeti.
Na gharama ya kutokuwa na kiongozi aliyechaguliwa ipo pia, ila haiandikwi kwenye vitabu vya jiji. Inalipwa na mkazi: nauli ya kufuata mhuri mbali, siku ya kazi iliyopotea, kiwanja kilichouzwa mara mbili.

▪️ *"Mtendaji anatosha, tena amesoma."*
Hatuna ugomvi na watendaji. Wapo wanaofanya kazi mpaka usiku. Lakini mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Anaajiriwa huko, analipwa huko, anahamishwa kutoka huko. Akikosea, wewe mkazi huna kura ya kumwondoa. Mwenyekiti amewekwa pembeni yake kwa makusudi ili mmoja atekeleze na mwingine awawakilishe wakazi na kusimamia. Ukimpa mtu mmoja kofia zote mbili, anayesoma mapato na matumizi ndiye huyo huyo anayejihoji, anajijibu, na anajipigia makofi.

▪️ *"Ni kwa muda tu."*
Hili neno "kwa muda" tunalifahamu, na historia ya nchi yetu inalifahamu zaidi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa nchi nzima, kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Nia ilitajwa kuwa ni kupeleka madaraka mikoani. Kilichofika mikoani ni maofisa. Huduma za miji zilidorora kiasi kwamba mamlaka za miji zilirudishwa mwaka 1978, na sheria za serikali za mitaa tunazozitumia mpaka leo zikatungwa mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe, baada ya kuona matokeo, alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa lilikuwa kosa.
Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na kuwekwa Tume ya Jiji ya kuteuliwa. Hatusemi Tume haikufanya lolote. Mambo kadhaa ya usafi na barabara yaliguswa. Lakini wakazi wa jiji kubwa kuliko yote nchini walikaa bila madiwani wao mpaka mwaka 2000. Hilo nalo lilikuwa kwa muda.
Kutoka sasa mpaka 2029 si muda wa kushika nafasi ya mtu aliyekwenda msibani. Ni karibu kipindi kizima cha uongozi.

▪️ *"Mipaka bado inachanganya, wakazi hawajajua wako mtaa gani."*
Basi bandikeni ramani. Wekeni vibao. Itisheni mikutano miwili, mmoja kila upande. Huko kutojua mipaka hakukumzuia mtu yeyote kudaiwa mchango wa taka wa upande mpya. Kama mkusanyaji wa taka anajua nyumba yako iko mtaa gani, msimamizi wa uchaguzi naye atajua.

▪️ *"Uchaguzi utaleta fujo, makubaliano yataleta amani."*
Hii ndiyo hoja nzito, na ndiyo yenye sukari nyingi. Tunaitolea sehemu yake.

*5. "MAKUBALIANO" NI NINI HASA?*

Tuelewane. Tawi hili halipingi watu wa vyama tofauti kukaa pamoja. Tunazikana pamoja, tunachangiana harusi, watoto wetu wanasoma darasa moja. Tunachopinga ni kuliita jambo kwa jina lisilo lake.

Makubaliano yanayozungumzwa ni haya: chama chenye wingi kichukue uenyekiti wa mitaa mipya, na vyama vingine, chetu kikiwemo, vipewe wajumbe wawili watatu hapa na pale. Majina yatoke kwa makatibu. Mkazi atasikia kwenye spika ya gari kwamba ana viongozi.

Tunauliza mambo matatu.

*Kwanza*, huyo mjumbe wa makubaliano atawajibika kwa nani? Aliyempa kiti ndiye atakayemwogopa. Mkazi akimwuliza kuhusu mtaro ulioziba, atajibu kwamba anasubiri maelekezo.

*Pili*, tukishakaa kwenye viti tulivyogawiwa, tutasimama wapi kulalamika? Kwa miaka mingi tumepinga wagombea wa upande mmoja kupita bila kupingwa. Tarehe 24 Novemba 2019 mliona wenyewe. Wagombea wengi wa upinzani walikuwa wameenguliwa kwa madai ya kukosea fomu, vyama kadhaa vikajitoa, na maeneo mengi ya nchi hayakupiga kura kabisa kwa sababu aliyebaki alikuwa mmoja. Tulisema huo si uchaguzi. Sasa tukikubali viti ambavyo havina hata fomu ya kukosea, tutakuwa tumesema nini? Kwamba kupita bila kupingwa ni kubaya akipita mwingine, na ni busara tukipita sisi?

*Tatu*, amani ya kuwanyima watu kura hudumu kwa muda gani? Mtu aliyeshindwa kwenye sanduku alilolihesabu kwa macho yake hununa wiki moja, kisha anarudi kijiweni. Mtu ambaye hakuulizwa hununa mpaka aulizwe.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Chama kinachotegemea viti vya kupewa kitakufa maskini wa watu.

*6. KWA VIONGOZI WETU WA KATA NA WILAYA*

Haya tunayasema kwa heshima, na tunayasema humu ndani ya chama kwa sababu ni ya ndani.

Tumesikia kwamba wapo viongozi wetu wa ngazi za juu wanaoiona njia ya pili kama nafasi adimu. Hoja yao ni kwamba hatuna wingi kwenye Baraza, kwamba uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, vijiji na vitongoji nchini, na kwamba kwa hali hiyo kiti kimoja mkononi ni bora kuliko kampeni ya kushindwa.

Tunauelewa uchungu wa hoja hiyo. Wapo kwenye tawi hili waliofukuzwa vituoni wakiwa na barua zao za uwakala mfukoni. Wapo waliojaza fomu mara tatu na bado zikakataliwa. Hatuwezi kuwaambia watu hao kwamba sanduku ni tamu.

Lakini angalieni mbele kidogo. Mwaka 2014, kwa kanuni za TAMISEMI, upinzani ulichukua takriban theluthi moja ya mitaa ya nchi hii. Hakuna aliyeugawia. Matawi yalisimamisha watu wanaojulikana, wakazi wakajitokeza, mawakala wakakaa vituoni mpaka usiku. Kwa hiyo inawezekana. Imewahi kuwezekana katika maisha ya kila mmoja aliyemo kwenye kundi hili.

Kiti cha kupewa kinamfaidisha anayekikalia. Mkutano wa mtaa uliojaa, hata tukishindwa, unakifaidisha chama chote, kwa sababu watu wametuona, wametusikia, wametupima. Tukipata mjumbe mmoja kwa kura, huyo ana jeuri ya kuuliza. Tukipata watatu kwa kugawiwa, wote watatu wana deni.

Kwa hiyo tunatamka rasmi: *Tawi hili halimtambui mwanachama yeyote atakayekubali kuwekwa kwenye kiti cha mtaa mpya kwa makubaliano ya mezani.* Tunamwomba diwani wetu asimame kwenye Baraza na kuyasema haya, na kama atabaki peke yake, aombe jina lake liandikwe kwenye muhtasari kwamba alipinga. Muhtasari ni kitu kidogo leo. Kesho ndio ushahidi.

*7. UCHAGUZI TUNAOUTAKA*

Kudai uchaguzi hakutoshi. Uchaguzi mbovu ni makubaliano yaliyovaa sanduku. Haya ndiyo madai ya tawi, na tumeyapeleka kwa maandishi kwa uongozi wa kata ili yafike kwa diwani na kwa Mkurugenzi:

✅ *Mipaka ibandikwe* ofisi za mitaa yote miwili, sokoni na kwenye nyumba za ibada, kabla ya uandikishaji.

✅ *Uandikishaji upya wa wakazi wa mtaa mpya.* Orodha ya uchaguzi wa mtaa ni tofauti na Daftari la Kudumu. Mwaka 2024 iliandaliwa kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, na wengi walibaki nje wakidhani kadi ya mpiga kura inatosha. Safari hii tangazo litoke mapema, lipite na kwenye vijiwe.

✅ *Mpangaji ni mkazi.* Mwenye miaka 18, anayeishi hapa, ana haki ya kupiga kura hapa, awe na nyumba au chumba kimoja. Tusisikie tena habari ya "wenye nyumba kwanza".

✅ *Fomu isiwe mtego.* Mgombea akikosea tarehe au herufi, aitwe arekebishe. Ofisi ya kupokea fomu iwe wazi siku zote zilizotangazwa, na anayerudisha fomu apewe stakabadhi. Tumechoka na ofisi zinazofungwa saa tano asubuhi siku ya mwisho.

✅ *Kura ya siri, masanduku yanayoonekana, mawakala ndani.* Wakala aapishwe kwa wakati na asitolewe kituoni kwa kisingizio.

✅ *Matokeo yahesabiwe kituoni na kubandikwa kituoni* siku hiyo hiyo.

Kuna wanaosema tusubiri mpaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikabidhiwe uchaguzi wa mitaa. Sisi tunataka Tume isimamie. Sheria ya Tume ya mwaka 2024 yenyewe imegusa uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, na bado uchaguzi wa mwaka huo ulibaki TAMISEMI. Madai hayo yanaendelea kwenye ngazi ya taifa. Lakini hatutakubali yageuzwe kisingizio cha kukaa bila uongozi miaka yote hii. Mwenye njaa anadai jiko bora huku anakula.

Na kwa wanaosema maandalizi hayawezi kukamilika haraka: Desemba 2014 vifaa vilikosekana kwenye baadhi ya maeneo, upigaji kura ukavurugika, na wakazi wa maeneo hayo wakapiga kura wiki moja baadaye. Wakurugenzi kadhaa waliwajibishwa. Kura haikufutwa kwa sababu ofisa alizembea. Huo ndio mpangilio sahihi: uzembe unamwajibisha ofisa, haumnyimi mkazi kura.

*8. NA SISI NYUMBANI KWETU*

Hatuwezi kumnyooshea kidole Baraza kwa kugawa viti mezani kisha sisi tugawane wagombea jikoni.

Kwa mujibu wa sheria mgombea wa mtaa lazima adhaminiwe na chama. Hilo linatupa mamlaka makubwa, kwa sababu muhuri wa tawi ndio mlango. Kamati imeamua kwamba mlango huo utafunguliwa na wanachama wote wa upande mpya kwa kura ya maoni ya siri, hadharani, kura zikihesabiwa mbele yao. Kamati haitakata jina kwa sababu mtu ni maskini, ni mgeni wa miaka mitatu, ni mama lishe, au hakuwahi kuchangia mafuta ya gari la kampeni. Atakayekatwa ni asiye na sifa za kisheria: mwenye umri chini ya miaka 21, asiye mkazi, au asiye mwanachama.

Tunawahimiza akina mama msijifungie kwenye viti vya wanawake peke yake. Hakuna sheria inayosema uenyekiti ni wa wanaume. Mnaoendesha vikoba bila senti kupotea mnaweza kusoma mapato na matumizi ya mtaa.

Tunawaonya wanaotaka kupita nyumba kwa nyumba usiku na bahasha. Ukinunua muhuri wa tawi leo, kesho utauza muhuri wa mtaa. Tutakutaja kwenye mkutano, mbele ya mkeo na mbele ya wadai wako.

*9. KAZI ZA WIKI HII*

Baraza linakaa hivi karibuni. Muda ni mfupi, kwa hiyo tugawane kazi.

1️⃣ Kila balozi wa tawi aorodheshe wanachama wa eneo lake walioangukia mtaa mpya, jina na namba ya simu, na kukabidhi kwa katibu kabla ya Jumamosi jioni. Orodha ibaki kwa katibu, isibandikwe kwenye kundi.

2️⃣ Kila mwanachama azungumze na wakazi watano ambao si wa chama chetu. Usiwaombe kadi. Waulize swali moja tu: unataka mwenyekiti wako achaguliwe na wewe au aletwe? Majibu yao ndiyo nguvu ya diwani wetu. Hili si la chama kimoja, na wapo wanachama wengi wa chama tawala mtaani ambao nao hawataki kuletewa.

3️⃣ Vikao vya Baraza ni vya wazi. Wenye nafasi twende, tuvae kawaida, tukae kimya kwenye viti vya wananchi, tusikilize. Hatutapiga kelele wala kumzomea mtu. Diwani akiona macho ya wakazi wake, huchagua maneno vizuri.

4️⃣ Vijana wenye simu nzuri: msisambaze sauti zilizorekodiwa ambazo hamjui zimetoka wapi. Kuna sauti inayozunguka ikidai kumtaja mtu wetu kuwa ameshapewa uenyekiti. Hatujaithibitisha. Taarifa ya tawi itatoka hapa, kwa maandishi, ikiwa na jina la Kamati.

5️⃣ Usiwatukane watendaji wala majirani wa vyama vingine. Ugomvi wetu ni na utaratibu mbovu. Ukimtukana jirani, unampa sababu ya kusema kweli uchaguzi utaleta fujo.

*10. NENO LA MWISHO*

Ndugu wanachama,

Kuna mitaa 4,264 iliyoingia kwenye uchaguzi wa mwaka 2024 nchini. Mtaa wetu mpya ni tone ndani ya hesabu hiyo, na wapo watakaosema tunaukuza mno. Lakini mazoea hujengwa kwenye vitu vidogo. Baraza likizoea kwamba kiti kipya kinajazwa kwa kuulizana makatibu, litagawa mtaa mwingine na kufanya hivyo hivyo. Leo ni kwetu, kesho ni kwa jirani, na baada ya miaka michache mtoto wako atauliza "kura ya mtaa ni nini?" kama anavyouliza leo kuhusu foleni za sukari.

Tulidai mtaa ugawanywe ili uongozi uwe karibu na mlango wa mkazi. Uongozi usiochaguliwa hauko karibu hata ofisi yake ikiwa nyumba ya pili.

Tunataka uchaguzi. Tukishinda, tutaongoza wote. Tukishindwa kwa haki, tutampa mkono aliyeshinda siku hiyo hiyo, na kesho yake tutamfuata na barua ya mtaro ulioziba.

Mkutano wa tawi ni Jumapili saa kumi alasiri, mahali petu pa kawaida. Njoo na kiti chako ukiweza, vya tawi havitoshi.

*Imetolewa na:*
*Kamati ya Utendaji ya Tawi*
Kwa niaba ya wanachama wote